Microsoft ilivyolitawala soko la kompyuta binafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mazungumzo yakifika kwa Microsoft, maswali huwa yale yale: waliiba, walibahatika, au walikuwa na akili kuliko wenzao? Majibu haya yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Ukikuta namba ya swali kwenye mabano, ujue jambo hilo limeelezwa huko kwa urefu zaidi.

## Mwanzo

1. Microsoft ilianzaje?

Ilianzishwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen, marafiki waliosoma shule moja Seattle. Jarida la Popular Electronics la Januari mwaka huo lilikuwa na Altair 8800 kwenye jalada lake, kompyuta ndogo iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, New Mexico. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mtumiaji aliiamuru kwa swichi zilizopangwa mbele ya kasha. Gates na Allen waliiandikia lugha ya BASIC bila kuwa na Altair yenyewe. Walitumia kompyuta kubwa ya Harvard kuigiza chipu ya Intel 8080, kisha Allen akapanda ndege na programu yao ikiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Ilipowekwa kwenye mashine ya MITS, ikafanya kazi.

Miaka iliyofuata kampuni iliishi kwa kuuza lugha za programu. BASIC yake iliingia kwenye Apple II, Commodore PET na TRS-80, mashine zilizokuwa zikigombania wateja wale wale. Zingatia hilo, kwa sababu ndiko ilikoanzia desturi iliyoijenga kampuni hii: kumuuzia kila mtengenezaji bila kujifunga na yeyote.

2. Mfumo endeshi ni nini, na kwa nini anayeumiliki anakuwa na nguvu kiasi hicho?

Ni programu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Inapokea unachobofya, inahifadhi mafaili, inagawa kumbukumbu, inaamrisha printa. Anayeandika programu ya hesabu au ya barua haandikii chuma, anauandikia mfumo endeshi. Programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye mwingine mpaka ifanyiwe marekebisho makubwa. Kwa hiyo anayenunua kompyuta anachagua pia, bila kutangaza, ni programu zipi ataweza kutumia (swali la 12).

3. Kwa hiyo Gates ndiye aliyebuni kompyuta binafsi?

Hapana. Altair, Apple II na nyinginezo zilibuniwa na watu wengine, na kompyuta iliyoifanya Microsoft kuwa kubwa ilitengenezwa na IBM.

## Mkataba wa IBM

4. Ilikuwaje kampuni kubwa kama IBM ikaitegemea kampuni ndogo?

Haraka. Mwaka 1980 IBM ilitawala kompyuta kubwa za mabenki na serikali, lakini kompyuta ndogo zilikuwa zikiipita. Ikaunda kikosi Boca Raton, Florida, kikipewa takriban mwaka mmoja kuleta bidhaa sokoni. Kwa taratibu za IBM muda huo ulikuwa mfupi mno, ndiyo maana kikosi kikaacha desturi ya kutengeneza kila kitu ndani. Kichakataji, Intel 8088, kilinunuliwa nje. Mfumo endeshi nao ukatafutwa nje.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Tangu 1969 IBM ilikuwa ikishtakiwa na Serikali ya Marekani kwa ukiritimba, na kesi hiyo ilifutwa Januari 1982 tu. Kampuni iliyoishi na kesi kwa miaka zaidi ya kumi haikimbilii kubana kila kipande cha soko jipya.

Watu huuliza pia kama mama yake Gates alimfungulia mlango. Mary Gates alikuwa kwenye bodi ya taifa ya shirika la hisani la United Way pamoja na John Opel, mmoja wa wakuu wa IBM. Kufahamiana huko hakukuwa na hasara. Hata hivyo, wahandisi wa Boca Raton walikuwa na sababu yao ya kwenda Microsoft: walihitaji BASIC, na BASIC iliyokuwa kila mahali ilikuwa ya Microsoft.

5. Ni kweli Gary Kildall alipoteza bahati hiyo kwa sababu alikuwa angani akirusha ndege?

Hadithi hii inapendwa kwa sababu ni fupi, lakini haimtendei haki. Kildall ndiye aliyeandika CP/M, mfumo endeshi uliotumika zaidi kwenye kompyuta ndogo za wakati huo, na Microsoft yenyewe iliwaelekeza IBM kwake. Wageni walipofika Digital Research, kampuni ya Kildall iliyokuwa Pacific Grove, California, yeye alikuwa safarini kwa ndege yake kikazi. Mkewe, Dorothy McEwen, aliyesimamia biashara, alisita kusaini hati ya usiri ya IBM iliyomfunga mgeni na mwenyeji kwa uzito usiolingana. Mazungumzo hayakuzaa mkataba, na IBM ikarudi kwa Microsoft.

Sehemu ya pili ya kisa, kwangu mimi, ni nzito kuliko ile ya ndege. Kildall alipoona jinsi mfumo wa IBM ulivyofanana na CP/M, alilalamika, na IBM ikakubali kuuza pia CP/M-86. Lakini bei zilipotangazwa, PC DOS, yaani ule mfumo ambao IBM iliupata kwa Microsoft, ilikuwa dola 40 na CP/M-86 dola 240, tena CP/M-86 ilichelewa kwa miezi. Mnunuzi hakuhitaji kufikiri sana.

6. Ni kweli Microsoft haikuiandika DOS?

Msingi wake haikuuandika. Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikuwa ameandika mfumo ulioitwa QDOS, baadaye 86-DOS, kwa sababu kampuni yake iliuza bodi zenye chipu ya Intel 8086 na CP/M ya chipu hiyo haikuwa tayari. Microsoft ilichukua leseni kwa dola 25,000 mwishoni mwa 1980, na Julai 1981 ikanunua haki zote kwa dola 50,000. Muuzaji hakuambiwa kwamba mteja aliyekuwa nyuma ya ununuzi huo ni IBM. Seattle Computer Products ilikuja kushtaki, na mwaka 1986 Microsoft ikailipa dola 925,000 kumaliza shauri.

Kununua hakukuwa wizi. Ila ni haki jina la Paterson litajwe kila DOS inapotajwa, na mara nyingi halitajwi.

7. Ni kipengele gani cha mkataba kilichobadilisha kila kitu?

Haki ya kuuza kwa wengine. IBM ilipata leseni ya kutumia mfumo huo kwenye mashine zake chini ya jina PC DOS. Microsoft ikabaki na umiliki, na ikabaki huru kuuuza kwa mtengenezaji mwingine yeyote chini ya jina MS-DOS. Malipo ya IBM hayakuwa makubwa ukilinganisha na yaliyofuata. Gates hakuyagombania sana. Alichogombania ni uhuru huo.

IBM PC ilizinduliwa tarehe 12 Agosti 1981, ikianzia dola 1,565. Siku hiyo hakukuwa na mtengenezaji mwingine wa kuuziwa, na kwa IBM kipengele hicho kilionekana hakina uzito. Thamani yake ilijitokeza pale wengine walipoanza kutengeneza mashine kama ya IBM. Mwenye stendi hajali basi la nani limejaa abiria. Kila linaloingia linalipa ushuru. Tangu hapo kila kompyuta iliyoipokonya IBM mteja ilimwingizia Microsoft fedha.

8. Wengine waliwezaje kuiga kompyuta ya IBM bila kufungwa na sheria?

Vipuri vingi vilinunulika dukani, na mfumo endeshi ulipatikana Microsoft. Kilichobaki mali ya IBM peke yake ni BIOS, programu fupi iliyochomwa ndani ya chipu inayoiamsha mashine na kuunganisha mfumo endeshi na vifaa. IBM ilikuwa imechapisha kanuni zake zote, yaani maandishi ya programu hiyo mstari kwa mstari, kwenye kitabu cha mafundi. Ilionekana kama ukarimu, lakini ilikuwa pia mtego, kwani yeyote aliyekisoma kisha akaandika BIOS yake angeweza kushtakiwa kwa kunakili.

Compaq, iliyoanzishwa Houston mwaka 1982, ililitatua hilo kwa kutenganisha watu. Kundi moja lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini: ukiipa hiki, inarudisha hiki. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuiona kanuni ya IBM hata mstari mmoja, likaandika BIOS mpya kutokana na maelezo hayo tu. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu hata makosa madogo ya IBM yalipaswa kuigwa. Kuna programu zilizokuwa zikiyategemea. Mwaka 1983, mwaka wake wa kwanza wa mauzo, Compaq iliuza kompyuta za dola milioni 111. Mwaka 1984 Phoenix Technologies ikaanza kumuuzia BIOS iliyoandikwa kwa njia hiyo mtengenezaji yeyote, na mlango ukawa wazi.

Kipimo cha mafundi hakikuwa karatasi. Waliweka diski ya Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali, na ya Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege. Programu hizo mbili ziliruka DOS na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, kwa hiyo mashine iliyotofautiana na IBM hata kidogo ilikwama papo hapo. Makampuni makubwa yaliyotoa kompyuta za MS-DOS zisizofanana kabisa na ya IBM, kama DEC na Rainbow yake, yalijifunza kwa hasara kwamba kuwa na MS-DOS peke yake hakutoshi.

9. Kwa nini IBM haikurudisha usukani mapema?

Ilijaribu mara mbili. Aprili 1987 ilileta PS/2, yenye mpangilio mpya wa ndani uliolindwa kwa hataza, ili wanaoiga wailipe. Walioiga hawakuufuata; waliendelea na mpangilio wa zamani, na wateja wakabaki nao. Compaq ilikuwa tayari imeitangulia IBM mwaka 1986 kwa kutoa kompyuta yenye chipu ya Intel 386. Kufikia hapo IBM haikuwa tena ndiyo inayoamua kompyuta ya IBM iweje.

Jaribio la pili ni OS/2, mfumo ulioandikwa kwa pamoja na Microsoft na kutoka Desemba 1987. Washirika walitengana mwaka 1990, Windows ilipoanza kuuzika. IBM iliendelea nao peke yake (swali la 12).

## Windows na Office

10. Windows iliibwa kutoka Apple?

Apple ilifikiri hivyo na kushtaki mwaka 1988. Ilishindwa, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 1994. Sababu kubwa ilikuwa karatasi: mwaka 1985 Apple yenyewe ilikuwa imeipa Microsoft leseni ya kutumia sehemu za mwonekano huo, na mengi ya yaliyobaki mahakama iliona hayawezi kumilikiwa kwa hakimiliki. Wazo la madirisha, aikoni na kipanya lilikuwa limeshafanyiwa kazi kwenye maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya 1970, na Apple ilikwenda huko kujifunza kabla ya kutoa Macintosh mwaka 1984.

11. Mbona Windows ya kwanza haikushika, kisha ya tatu ikashika?

Windows 1.0 ilitoka Novemba 1985 na ilikuwa nzito kwa mashine za wakati huo, tena programu zake zilikuwa chache. Windows 3.0, ya Mei 1990, ilikuta kompyuta za 386 zenye kumbukumbu ya kutosha, ikaweza kutumia kumbukumbu hiyo, na haikumlazimisha mtu kutupa programu zake za DOS. Hilo la mwisho ndilo lililoiuza. Mtu alihamia Windows akiwa na mizigo yake yote. Windows 95, iliyozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, ikakamilisha safari hiyo.

Kuhamia huko kuliwaangusha wakubwa wa siku za DOS. Lotus 1-2-3 kwenye lahajedwali na WordPerfect kwenye uandishi walitia nguvu kwenye OS/2, kama walivyoshauriwa na wengi, Microsoft ikiwamo. Wakachelewa Windows. Excel ilikuwa kwenye Windows tangu 1987, kwa sababu Microsoft ilikuwa imeshajifunza kuandika programu za madirisha kwenye Macintosh. Kisha Word na Excel zikafungwa pamoja na kuitwa Office, kwa bei ndogo kuliko kuzinunua moja moja.

12. Kama kulikuwa na mifumo mizuri zaidi, kwa nini watu hawakuhama?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila msomaji asome jibu lake mara mbili. Watu hununua mfumo wenye programu nyingi. Waandishi wa programu huandikia mfumo wenye watu wengi. Kila upande unaungoja mwenzake, na aliye mbele huzidi kwenda mbele hata akikaa kimya.

OS/2 Warp ya IBM ndiyo mfano ulio wazi. Watu wengi waliiona imara kuliko Windows ya wakati wake, na IBM ilimwaga fedha kuwavuta waandishi wa programu. Kwa mujibu wa mahakama ya Marekani mwaka 1999, katika kilele chake Warp ilikuwa na programu zipatazo 2,500, wakati Windows ilikuwa na zaidi ya 70,000. Mhasibu asiyepata programu yake ya mishahara hashawishiki kwa kuambiwa mfumo hauzimikizimiki. Mahakama hiyo hiyo ilikuta kwamba kwa muongo mzima Microsoft ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya soko la mifumo endeshi ya kompyuta zenye chipu za aina ya Intel.

## Mbinu na mahakama

13. Leseni ya kulipia kila kichakataji ilikuwa nini?

Mtengenezaji aliilipa Microsoft kwa kila kompyuta aliyouza yenye kichakataji cha aina fulani, iwe na MS-DOS au isiwe nayo. Akitaka kumwekea mteja DR DOS ya Digital Research, alilipa mara mbili: kwa mfumo aliouweka na kwa ule ambao hakuuweka. Wengi walikubali kwa kuwa walipewa punguzo. Mwaka 1994 Microsoft ilikubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani kuacha leseni za namna hiyo.

Mauzo makali ni haki ya kila mfanyabiashara, lakini kutoza mfumo wa mwenzako ni jambo jingine kabisa. Vivyo hivyo kwa kilichogunduliwa ndani ya toleo la majaribio la Windows 3.1: kipande cha kanuni kilichofichwa, kilichotoa ujumbe wa hitilafu kikikuta DOS isiyo ya Microsoft. Kilizimwa kwenye toleo la mwisho, ila hofu ilikuwa imeshapandwa.

14. Kesi kubwa ya 1998 ilihusu nini?

Ilihusu kivinjari. Netscape Navigator ilionyesha kwamba programu zingeweza siku moja kuandikwa kwa ajili ya intaneti, na mfumo endeshi usiwe na umuhimu. Hilo liligusa mzizi ulioelezwa kwenye swali la 12. Microsoft ikatoa Internet Explorer bure, ikaifunga ndani ya Windows, na kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasiiondoe. Wizara ya Sheria na majimbo kadhaa yalishtaki Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na Juni 2000 akaamuru igawanywe kuwa kampuni mbili, moja ya mfumo endeshi na nyingine ya programu zilizobaki.

15. Mbona haikugawanywa?

Juni 2001 mahakama ya rufaa ilithibitisha kosa la kulinda ukiritimba, lakini ikatengua adhabu. Jaji alikuwa amezungumza na waandishi wa habari kuhusu kesi ingali mbele yake, akaondolewa. Serikali mpya haikuendelea kudai mgawanyo, na makubaliano yaliyofuata yaliidhinishwa mwaka 2002. Ulaya iliendelea kwa njia yake: mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 497.

## Maswali ya pembeni

16. Kwa nini Microsoft iliipa Apple dola milioni 150?

Agosti 1997 Apple ilikuwa na hali mbaya. Microsoft ilinunua hisa za kiasi hicho na kuahidi kuendelea kutoa Office ya Macintosh kwa miaka 5. Kwa upande wake, Apple iliifanya Internet Explorer kivinjari cha kawaida kwenye Macintosh, na ugomvi wa hataza ukamalizwa. Ahadi ya Office ilikuwa na uzito kuliko fedha, kwa sababu ile ile ya swali la 12.

17. Kwetu Afrika Mashariki Windows ilishikaje namna hii?

Ilifika ikiwa mshindi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na masharti hayo yalilegezwa taratibu. Kompyuta zilipoanza kuonekana kwa wingi maofisini na kwenye vyumba vya intaneti vya mijini, ushindani wa mifumo ulikuwa umekwisha huko zilikotengenezwa. Mashine nyingi zilikuja zimeshatumika, zikiwa na Windows ndani. Vyuo vya mitaani vikafundisha "kompyuta" kwa maana ya Windows, Word na Excel, na matangazo ya kazi yakadai hizo hizo. Hadi leo fundi wa Kariakoo ukimpelekea laptopu iliyogoma, swali lake la kwanza ni kama aipige Windows upya.

Kopi zisizo na leseni zilisaidia, zaidi ya inavyokubalika. Mfumo wa bure kama Linux hauna mvuto wa bei mahali ambapo Windows nayo inapatikana kwa gharama ya kumlipa fundi. Mwaka 1998, akizungumza Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, Gates mwenyewe alisema kwamba kama watu wataiba programu, afadhali waibe za Microsoft. Juhudi za kutoa njia nyingine zilikuwepo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Ilistahili kuenea kuliko ilivyoenea.

18. Kwa nini utawala huo haukuhamia kwenye simu?

Kwa sababu safari hii mduara wa programu na watumiaji (swali la 12) ulizunguka upande mwingine. iPhone ilitoka 2007, Android ikafuata 2008, na Google haikuwatoza watengenezaji wa simu ada ya leseni ya Android. Windows Phone ilipofika 2010 ilikuta programu zimeshaandikiwa wenzake. Microsoft ilinunua biashara ya simu ya Nokia mwaka 2014, na hata hivyo mtu aliyetafuta programu ya benki yake kwenye simu hizo mara nyingi aliikosa.

19. Kompyuta yangu haikubali Windows 11. Nifanyeje?

Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na vichakataji vya miaka ya karibuni, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi zilizoachwa nje bado ni nzima. Linux inaweza kuzifufua, na kwa anayetumia kivinjari na barua za kawaida hatapungukiwa kitu. Kabla ya kufuta chochote, andika orodha ya programu unazozitegemea, hasa ya uhasibu na ile inayoendesha printa au mashine ya risiti, kisha uzijaribu Linux ikiwa kwenye flashi.